Ghorofa ya Nne

Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo
walisahau miguu.
Tangu saa mbili asubuhi tumepanga foleni
kwenye hoteli ya Scarborough yenye zulia la rangi ya maini.
Nje bahari inaupiga ukuta kama mlevi aliyefungiwa mlango,
na mbele yangu mtu mzima, fundi bomba wa Grimsby,
amejipaka kijani mpaka ndani ya masikio,
anakula mkate kwa nyama, taratibu,
asije akajifuta uso.

Nahodha kwanza.
Nilipokuwa na miaka tisa niliamini
huyu akikohoa, sayari zinasogea.
Leo amevaa sweta, miwani inaning'inia kwa kamba,
vidole vidogo kama vya fundi saa.
Jina? Nikasema Gwenda.
Akaandika Glenda.
Nikashukuru.
Kwa hiyo picha itakayokaa sebuleni kwangu
ni ya mwanamke mwingine, na ametakiwa kila la heri.

Nilitaka kumuuliza alitokaje kwenye shimo la Orvane:
tochi imekufa, hewa imebaki ya dakika sita,
halafu juma lililofuata tunamwona mezani anakunywa supu.
Swali hilo nimelibeba miaka thelathini na minane
kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa.
"Gundi," akasema, akitazama juu.
"Nakumbuka harufu ya gundi.
Na mguu wangu umekufa ganzi."
Kisha akamtazama aliye nyuma yangu.

Meza ya pembeni haikuwa na foleni.
Bwana Cuthbert Lisle, miaka themanini na mmoja,
alikuwa dubwana la mikono minane;
misimu minne ndani ya mpira, uso wake haukuonekana hata siku moja.
Yeye ndiye anayekumbuka.
Anakumbuka joto la taa, hatua ngapi mpaka mlangoni,
msichana aliyemnywesha maji kwa mrija
kupitia tundu la shingoni, na jina lake, Ottilie,
na kwamba Ottilie alikuwa akipiga mluzi.
"Ulikuwa unaniogopa?" akaniuliza.
Nikamwambia nilikuwa najificha ndani ya koti la baba,
lilikuwa linanuka samaki.
"Samahani," akasema,
na wallahi, alimaanisha.

Jioni, visigino vinawaka, nikaingia kwenye lifti.
Ndani mlikuwa na bibi mmoja mwenye mkongojo
na mfuko wa dawa za kifua.
"Ghorofa ya ngapi, mwanangu?"

Mwili wote ukanisisimka.

Hakuwa kwenye bango. Hakuna aliyemjua kwa sura.
Lakini sauti ile, Mungu wangu,
sauti ile ndiyo ilikuwa chombo chenyewe,
kuta zake, taa zake, usiku wake.
Kila mwisho wa kipindi ilikuwa inawaambia mabaharia wa anga:
Hewa inatosha. Laleni.
Na mama yuko zamu ya usiku kiwandani,
na mimi na kaka yangu Leofric chini ya blanketi moja,
tulikuwa tunaitii.

"Ya nne," nikasema. Ikanitoka nyembamba, kama ya mtoto.
Akabonyeza. Akalalamika juu ya mayai ya asubuhi.
Akasema chumbani kwake dirisha halifungi,
upepo unaingia utadhani umelipia kitanda.
"Kwako je?"

Nikasema, "Hewa inatosha."

Sikupanga kusema hivyo.
Akanigeukia polepole, mkongojo na vyote,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni
katika mji asiomjua mtu.
Mlango ukafunguka, ghorofa ya tatu.
Hakushuka mara moja.

Sikumwomba sahihi.
Juu, kwenye ujia, fundi bomba alikuwa anapambana na ufunguo wake,
ameshanawa, mwekundu kama mtoto aliyesuguliwa,
sikio moja tu bado kijani.
Tukaitikiana kwa kichwa, kila mtu akaingia kwake.